Ngeli ya Kiti cha Pweza

Johannesburg ni mji wa dhahabu, si wa maji. Umekaa juu ya uwanda ulioinuka mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na mkazi wake anayetaka kuona wimbi hana budi kusafiri kilomita zipatazo 570 kwenda Durban, au 1,400 kwenda Cape Town. Hata hivyo mji huo una wazamiaji wengi. Mwishoni mwa wiki hushuka na mitungi ya hewa katika machimbo ya zamani yaliyojaa maji, kama Bass Lake karibu na Meyerton, wakajifunza kupumua kwa utulivu, kusoma kipimo cha hewa, na kuhesabu muda wa kukaa chini kwa majedwali yaliyorekebishwa kwa sababu ya mwinuko. Jambo moja hawawezi kulipata humo. Hakuna kiti cha pweza hata mmoja. Jamii nzima ya wanyama wenye ngozi ya miiba, ambamo kiti cha pweza ni ndugu wa jongoo bahari, haina spishi hata moja inayoishi katika maji yasiyo na chumvi.

Kwa hiyo mzamiaji wa Johannesburg hupata jina kwanza, na mwenye jina baadaye. Husoma kitabu cha picha jioni, akakariri majina ya Kilatini, na pengine miezi ikapita kabla hajamwona mnyama mwenyewe katika maji ya baridi ya Rasi. Wasomaji wa ughaibuni wanaijua hali hiyo kwa njia nyingine: mtoto aliyelelewa Yeoville au Toronto hulijua neno ngalawa kabla ya kuiona ngalawa, na kwa wengine neno hubaki bila chombo maisha yote. Umbali peke yake si kosa. Mwaka 1958 William Macnae na Margaret Kalk walitoa kitabu kuhusu viumbe wa kisiwa cha Inhaca, Msumbiji, na kitabu hicho kilichapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, katikati ya mji wa migodi. Wanafunzi wa bara wamejifunza pwani kwa kitabu hicho. Lakini anayeanza na jina yumo katika hatari ambayo mtoto wa pwani hana: jina alilonalo linatafuta mahali pa kutua, na litatua juu ya kiumbe wa kwanza anayelikaribia. Swali la insha hii ni la wajibu: anayesema kwamba kiumbe huyu ni fulani, anadaiwa nini, na anamdai nani?

Swali haliwezi kujibiwa bila kujua kazi yenyewe ilivyo. Maji ya False Bay ni ya baridi, na yale ya upande wa Atlantiki ni ya baridi zaidi. Pepo za kiangazi za kusini-mashariki husukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji ya kilindini hupanda kuchukua nafasi yake, hata joto likashuka mpaka nyuzi 10 au 12 katika miezi ambayo nchi kavu inawaka jua. Vazi nene la mpira huchelewesha baridi, haliizuii. Vidole hufa ganzi, hewa hupungua, mwenzi anaashiria kwamba ni wakati wa kupanda. Watu wa maadili hawazungumzi sana kuhusu baridi, nao wangefaa kuizungumzia, maana hukumu nyingi mbaya hutolewa na mtu anayetaka tu kuondoka mahali alipo.

Juu ya miamba, katikati ya misitu ya mwani mrefu, wapo viti vya pweza wa aina nyingi. Rangi ndiyo ya kwanza kudanganya. Maji hunyonya wekundu mapema kuliko rangi nyingine, na kufikia mita kumi Callopatiria granifera, ambaye kwenye picha ya kitabu ni mwekundu kama pilipili, huonekana kama kipande cha ngozi ya kahawia mpaka amulikwe kwa tochi. Hata penye mwanga, rangi hubadilika ndani ya spishi moja: Marthasterias mwenye miiba huweza kuwa wa kijivu kinachoelekea buluu, na jirani yake akawa wa rangi ya chungwa. Idadi ya mikono nayo si ya kutegemewa, kwa kuwa mikono hukatika na kuota upya, na mwenye mikono mitano jana huenda leo ana minne na kidonda. Alama zinazodumu ni ndogo zaidi: jinsi miiba ilivyopangwa, na vikoleo vidogo sana vinavyozunguka shina la kila mwiba, vijiguu vya chini, kama vimepangwa kwa safu mbili au nne, kama vina vinyonyeo vya kushikia mwamba au vimechongoka kwa ajili ya kuchimba mchanga. Na nyingi ya alama hizi ziko upande wa chini.

Hapo ndipo elimu inapoingia katika maadili, kwa sababu anayetaka kujua kwa hakika hulazimika kumgeuza mnyama. Kumng'oa kwa nguvu kwenye mwamba ni kumjeruhi, vijiguu hukatika. Mfano ulio wazi zaidi uko pembeni kabisa, katika madimbwi ya kupwa ambayo mzamiaji huyapita akienda kuingia majini. Humo anaishi Parvulastra exigua, mdogo kama sarafu, ambaye kwa muda mrefu alichanganywa na ndugu yake Parvulastra dyscrita. Tofauti ya kuaminika kati yao ni mahali pa matundu ya kutolea mayai: wa kwanza anayo upande wa chini, wa pili upande wa juu. Tofauti hiyo ina sababu. Exigua hubandika mayai yake chini ya jiwe, na watoto hutambaa kutoka hapo bila kuogelea kamwe. Anayegeuza jiwe ili ajue jina, kisha akaliacha kichwa chini, ameyaanika mayai juani. Waelekezaji hufundisha kwamba jiwe lirudishwe lilivyokuwa, nao wanasema kweli, ila agizo hilo hushughulikia mikono tu. Haligusi swali la iwapo jina la siku hiyo lilistahili kutafutwa.

Kiswahili kina neno la kusema juu ya jambo hili, na hulisema katika sarufi. Watafsiri wa siku hizi hupenda kumwita mnyama huyu nyota ya bahari, kwa kufuata lugha za Ulaya. Jina la pwani ni kiti cha pweza. Halitazami angani, linatazama mwambani, kwa jicho la mtu aliyetoka maji yalipokupwa sana kumtafuta pweza, ambaye ni kitoweo na ni fedha. Mwenye thamani ni pweza, na huyu asiyeliwa akapewa jina kwa kuhusishwa na mwenye thamani, kama samani ya nyumba yake. Mvuvi hadai kwamba pweza hukaa hapo kitako. Wala jina hilo halijali spishi: linawafunika wote, wa mchangani na wa mwambani, wa miiba na wasio na miiba. Msomi mwenye haraka ataliita jina la kijinga kwa sababu hiyo. Lakini jina pana si jina la uongo. Anayesema kiti cha pweza amesema kiasi anachojua, akanyamaza.

Ugumu wake uko kwingine. Neno kiti ni la ngeli ya KI-VI. Kifaru, kiboko na kipepeo nao wameanza na ki-, lakini lugha iliwavusha zamani, ikawapa upatanisho wa A-WA kwa kuwa wana uhai: kifaru amelala, kipepeo ametua. Je, huyu? Kiti cha pweza kimekufa, au amekufa? Kamusi humpa msemaji jina, haimfanyii uamuzi wa sentensi. Anayesema kimekufa amemweka pamoja na meza na kabati. Anayesema amekufa amekiri kwamba palikuwa na maisha yaliyokatika. Katika insha hii amepewa A-WA, ingawa sikio la baadhi ya wasomaji litasita. Kwenye fukwe za Unguja, Protoreaster lincki, yule mkubwa mwenye vinundu vyekundu, huinuliwa majini na wageni apigwe picha juu ya kiganja, naye hupumua kwa vijinofu laini vya ngozi vinavyohitaji maji kila wakati. Akikaushwa na kuwekwa juu ya meza ya vikumbusho, mnunuzi huuliza, hiki bei gani? Sarufi ya swali hilo haina kosa. Amekuwa samani kweli.

Kabla ya kutambua spishi, basi, kuna utambuzi wa awali: kwamba hapa kuna nani, si nini. Lakini itakuwa ni kujidanganya kudhani kwamba heshima hiyo inatosha, na kwamba aliyemtambua kiumbe kuwa hai anaweza kustarehe bila jina sahihi. Historia ya bahari nyingine ya baridi inakataza starehe hiyo.

Mwaka 1986, katika mlango wa mto Derwent, Hobart, kisiwani Tasmania, alipatikana kiti cha pweza aliyedhaniwa kuwa Uniophora granifera, mwenyeji wa maji yale. Jina likakubalika, maana ndilo lililotarajiwa. Miaka sita ikapita. Mwaka 1992 ndipo ilipothibitishwa kwamba alikuwa Asterias amurensis, mgeni kutoka bahari za baridi za Japani na mashariki ya Urusi, ambaye huenda viluwiluwi wake walisafirishwa katika maji yanayobebwa na meli ili zisiyumbe. Jike mmoja hutaga mamilioni ya mayai kwa mwaka. Hula kome na chaza na karibu kila asiyeweza kukimbia, na hula pia viumbe wa sakafuni ambao samaki adimu wa mto huo, Brachionichthys hirsutus, atembeaye kwa mapezi yaliyo kama mikono, huzungushia mayai yake. Wazamiaji wa kujitolea waliitwa kumwondoa kwa mkono, mmoja mmoja. Mwaka 1995 alionekana pia ng'ambo ya mlango-bahari, katika ghuba ya Port Phillip karibu na Melbourne. Hakuna awezaye kudai kwamba jina sahihi la mwaka 1986 lingemzuia. Lakini kwa miaka sita kila aliyemwona alimwona mwenyeji, na hakuna anayemtafuta mgeni katika nyumba ambayo ameambiwa wote ni wa humo.

Kwa msomaji wa Johannesburg, sentensi hiyo ya mwisho ina ladha chungu, na ni haki yake kuitema. Mji huo una sababu zake za kulishuku neno kutambua. Chini ya Sheria ya Usajili wa Watu ya 1950, kila mkazi wa Afrika Kusini aliandikwa katika kundi la rangi, na vigezo vilikuwa sura ya mtu inavyoonekana na jinsi anavyokubalika na wengine. Penseli ilichomekwa nyweleni, ikaangaliwa kama itaanguka. Sandra Laing, aliyezaliwa na wazazi waliohesabiwa kuwa wazungu, alifukuzwa shule mwaka 1966 na kuandikwa kuwa chotara, na mwaka uliofuata, sheria ilipobadilishwa, akaandikwa tena mzungu: mwili mmoja, ngozi ileile. Sheria hiyo ilifutwa 1991. Kisha Mei 2008, katika machafuko yaliyoanzia Alexandra, watu walisimamishwa njiani wakaulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Aliyekosa neno indololwane alihesabiwa mgeni. Kati ya watu 62 waliouawa, 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini. Wazungumzaji wa Kiswahili waliokuwa Yeoville na Berea mwezi huo hawahitaji maelezo zaidi kuhusu maana ya kutambuliwa kwa alama.

Ni rahisi kuhitimisha kutoka hapo kwamba kupanga viumbe kwa aina ni dhuluma siku zote, na kwamba mwenye adabu huacha kila kitu bila jina. Hitimisho hilo linapendwa sana katika semina. Haliwezi kusimama kwenye ukingo wa Derwent, na ukilichunguza vizuri haliwezi kusimama hata Johannesburg.

Karani aliyeshika penseli hakuwa mtambuzi aliyekosea. Ili mtu akosee, lazima pawe na jambo ambalo lingekuwa hivyo hata kama yeye hangekuwapo. Matundu ya Parvulastra yako chini au yako juu, apende mzamiaji asipende, na mzamiaji aliyesema chini wakati yako juu amekosea hata kama mji mzima unamuunga mkono. Rangi ya kisheria haikuwa na matundu. Ilikuwa amri iliyovaa nguo za uchunguzi, na ndiyo maana Sandra Laing aliweza kubadilika bila kubadilika. Swali la kiwiko ni tofauti kidogo na ni baya kwa namna yake: uraia ni jambo lililopo katika hati, lakini waliouliza hawakuwa na haki ya kuuliza, alama waliyoichagua haikuthibitisha chochote, na jibu lolote lisingeweza kuhalalisha walichokuwa wamekwisha kuazimia.

Hata hivyo kuna kufanana ambako hakuondoki, na mzamiaji mwaminifu atakuwa nako majini. Anayetaja jina yuko salama, anayetajwa hasemi. Kosa likitokea, gharama haimwangukii aliyelitenda. Kiti cha pweza hatakata rufaa. Kwa hiyo mfano unaomfaa mtambuzi ni shahidi, na ni vyema kumtofautisha na hakimu. Shahidi huulizwa: uliona nini, ukiwa wapi, kwa mwanga gani, kwa muda gani? Naye huadhibiwa kwa kusema zaidi ya alichoona, hata kama kwa bahati kikawa kweli. Ndiyo sababu kumpa kiumbe jina la jenasi bila spishi, kuandika Henricia na kuacha nukta hapo, ni ushahidi kamili, na anayeona aibu kuuandika hajaelewa alichoitiwa.

Aristotle alitoa mfano mzuri wa hilo bila kukusudia. Katika maandishi yake kuhusu wanyama anaeleza kiti cha pweza wa ghuba ya Pyrrha, kisiwani Lesbos, aliyekuwa msumbufu mkubwa, na kwamba chochote alichokishika kilikutwa kama kimepikwa. Sababu, alisema, ni joto kali la asili yake. Joto hilo halipo. Mnyama huyu hutoa tumbo lake nje kupitia kinywa na kukimeng'enya chakula palepale kilipo. Lakini sentensi ya kilichoonekana na sentensi ya sababu zilikaa mbalimbali kiasi kwamba ya pili ilipoanguka ya kwanza haikuanguka nayo, na karne nyingi baadaye bado ni ushahidi unaofaa.

Majina nayo huanguka, na Afrika Kusini ina mfano wa karibu. Yule mwenye miiba wa Rasi, mlaji wa kome, kwa muda mrefu aliandikwa katika vitabu kama Marthasterias glacialis, jina ambalo Linnaeus alimpa yule wa Ulaya mwaka 1758. Uchunguzi wa vinasaba wa miaka ya karibuni umewatenganisha, na wa kusini sasa huitwa Marthasterias africana. Jina hilo halikubuniwa kwa ajili ya ugunduzi huo. Müller na Troschel walikuwa wamekwisha kuliandika africana mwaka 1842, kisha likawekwa kando na watu waliodhani kwamba wa Rasi na wa Ulaya ni mmoja. Vitabu vingi katika rafu za wazamiaji bado vina jina la awali. Walioandika glacialis walifanya kazi kwa uaminifu kwa alama walizokuwa nazo, na kwa kuwa walieleza alama hizo na kuhifadhi vielelezo, waliokuja baadaye waliweza kurudi na kupinga. Mafaili ya usajili wa rangi hayakuwa na mlango wa namna hiyo. Rufaa zilikuwapo, lakini kilichorudiwa katika rufaa ni kumtazama mtu upya.

Mzamiaji wa Johannesburg aliyemaliza siku zake False Bay haruhusiwi kurudi nyumbani mara moja. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini inahitaji muda wa kutoka kabla hajapanda ndege, na baada ya kuzamia mara kadhaa ushauri wa kawaida ni kusubiri saa 18 au zaidi. Hata anayerudi kwa gari anapanda, maana njia ya kwenda bara inapanda. Siku hiyo ya kusubiri katika Simon's Town haina kazi nyingine, na ndipo madaftari hujazwa. Picha hufunguliwa. Karibu zote ni za upande wa juu, kwa kuwa mkono ulikuwa na baridi na mnyama alikuwa ameshikilia mwamba, na hakugeuzwa. Safu ya jina inasubiri. Wapo wanaoandika Callopatiria granifera kwa wino kwa sababu kitabuni kuna picha inayofanana. Wengine huandika kwa penseli: kiti cha pweza, mwekundu chini ya tochi, mikono mitano, mita 11, upande wa chini haukuonekana.